Maili Elfu Nne na Arobaini na Moja

Akeyo alikuwa na uzi. Ulikuwa uzi mweusi wa kushonea viatu, umepakwa nta, na aliupata kwa fundi mmoja wa Kisenyi mwaka 1966, siku yake ya pili kazini. Mtu akiingia katika ile ofisi ya tiketi za ndege, Barabara ya Kampala, akauliza ni mbali kiasi gani mpaka Bombay au Roma, Akeyo aliteremsha tufe la dunia kutoka rafuni, akabana ncha ya uzi kwa kidole gumba hapo Entebbe, akauvuta juu ya jangwa na bahari mpaka mji wa mteja, kisha akaunyoosha kwenye rula.

Hakuwa na haja ya kufanya hivyo. Vitabu vya ratiba vilikuwa na umbali wote umechapwa, pamoja na saa za kuondoka na kufika. Lakini alikuwa amegundua mapema kwamba mtu akiambiwa maili elfu tatu huitikia tu kwa kichwa. Akiuona uzi umekazwa juu ya Misri hutafuta kiti akakaa, na mara nyingine huahirisha safari. Pale ukutani palikuwa na ramani kubwa ya karatasi, nzuri, ya rangi nne. Akeyo hakuitumia. Alisema ramani bapa inawadanganya watu wasio na kosa.

Yeye mwenyewe hakuwahi kupanda ndege. Alitoka Nyakach, upande wa Kisumu, akaja Kampala na treni akiwa na miaka kumi na tisa, kwa shangazi aliyeolewa na mtu wa reli. Alisoma kupiga taipu, akaajiriwa, na kwa miaka yote hiyo akawapeleka wengine. Waliorudi walimletea kalenda.

Mwenye ofisi wa kwanza alikuwa Mhindi aliyezaliwa Jinja. Mwaka 1972, Wahindi walipopewa siku tisini waondoke, ofisi iliuza tiketi nyingi kuliko miaka mitano iliyotangulia. Biashara haikuwahi kushamiri kama miezi ile mitatu ya kufukuzwa wateja. Tiketi ya mwisho ilikuwa ya mwenye ofisi mwenyewe, ya kwenda tu. Umbali wa London aliujua kama jina lake, ila siku hiyo alivuta kiti upande wa wateja, akasema, "Nipimie na mimi." Akeyo akampimia. Mzee akautazama uzi, akauliza kama hauwezi kupita njia fupi kidogo.

Baada yake ofisi ikapewa mtu mwingine, ambaye alikuwa amepewa pia duka la viatu na kiwanda cha soda kisicho na chupa. Alikuja siku za Ijumaa. Katika mwezi wake wa kwanza aliagiza nauli ya kwenda London ipande kuliko ya kurudi, kwa kuwa kwenye ramani London iko juu na ndege hula mafuta zaidi ikipanda mlima. Akeyo akaliandika agizo hilo katika daftari la maagizo, akaendelea kuuza kwa bei ile ile.

Mumewe, Obwona, alimpata kwa sababu ya ubishi. Obwona alikuwa Mwacholi wa Gulu, mpimaji wa hali ya hewa pale uwanja wa ndege wa Entebbe, na mwaka 1968 aliingia ofisini kumwambia kwamba maili zake ni sahihi lakini saa zake si sahihi. Maili hazibadiliki, alisema, lakini upepo hubadilika. Ukikupiga usoni unachelewa, ukikusukuma mgongoni unawahi. Akeyo akamwambia upepo hauandikwi kwenye tiketi. Wakabishana mpaka Habibah, mwenzake wa kaunta, akafunga mlango wa mbele akiwaacha ndani. Wiki iliyofuata Obwona alirudi na takwimu za upepo wa miezi mitatu, zimeandikwa kwa wino mwekundu. Mwaka mmoja baadaye walifunga ndoa. Kijaluo chake na Kiacholi cha mumewe ni lugha ndugu zinazogombania maneno machache, na ugomvi huo uliwatosha kuwa burudani ya jioni katika nyumba yao ya kupanga, Mengo. Mtoto wao wa kwanza hakuishi. Wa pili hakuja.

Novemba 1973 serikali ilimpeleka Obwona Uingereza kwa kozi ya miezi tisa. Alipokuwa huko, mwezi Machi, risasi zililia jijini, kisha redio ikasema hali ni shwari. Baada ya hali kuwa shwari, watu wa kaskazini, kama Obwona, wakaanza tena kuitwa kutoka kazini kwenda kujibu maswali, na baadhi yao, wakishajibu, hawakurudi kwenye meza zao. Julai Obwona aliandika: "Wenzangu wa kozi wananiambia nibaki huku. Wewe unasemaje?"

Barua zilikuwa zinafunguliwa posta. Akeyo alikaa na kalamu siku mbili. Alimweleza mumewe habari za paa linalovuja na sukari iliyoadimika. Angeweza kuandika "baki." Angeweza pia kuandika kwamba upweke umemfanya azungumze na sufuria. Badala yake akaandika chini kabisa, kwa mwandiko wake wa ofisini: "London hadi Entebbe ni maili 4,041. Bila kutua, ni saa nane na dakika arobaini na tano. Nimepima kwa uzi mara mbili. Si mbali."

Obwona alikuwa mtu wa kusoma takwimu. Akakata tiketi.

Ndege ilitua Jumamosi moja ya katikati ya Agosti 1974, saa mbili na robo asubuhi, bila kuchelewa hata dakika. Akeyo alikuwa kwenye roshani ya wapokeaji. Alimwona akishuka ngazi, amenenepa kidogo, koti jipya mkononi. Alipokanyaga chini alisimama akatazama angani, akalowesha kidole kwa mate akakiinua kupima upepo, kusudi mkewe amwone na acheke. Akeyo akacheka. Obwona akaingia ndani ya jengo.

Abiria wengine wakatoka. Watawa wawili wakatoka, na Mzungu mwenye gitaa, na familia iliyopokelewa kwa ngoma. Wahudumu wa ndege nao wakatoka wakivuta vibegi vyao. Saa tano Akeyo alikuwa peke yake na mfagiaji.

Aliyekuja ni Onen, aliyekuwa akifanya kazi na Obwona chumba kimoja cha vipimo. Alisimama kando yake kama mtu anayesubiri basi.

"Shemeji, usinitazame. Tazama ile saa ya ukutani."

"Yuko wapi?"

"Wamempitisha mlango wa mizigo. Gari limeondoka."

"Jina lake lilikuwa kwenye orodha?"

"Hawakuwa na orodha, shemeji." Onen akakohoa. "Walikuwa na barua yako."

Akamweleza bila kutikisa midomo sana. Askari wa meza ya ukaguzi walimpekua Obwona mfukoni, wakaikuta barua, na mmoja aliyejua kusoma akaisoma kwa sauti. Paa na sukari havikuwasumbua. Walipofika chini wakamuuliza: uliondoka London saa ngapi? Akasema saa tatu na nusu usiku. Na sasa? Saa mbili na robo. Wakahesabu kwa vidole, askari watatu, vidole vya watu watatu, na hesabu ikatoka sawa kila mara: saa kumi na dakika arobaini na tano.

"Wakamwambia, 'Bibi yako nasema masaa nane na kitu. Wewe natumia kumi na kitu. Masaa mbili wewe nashuka wapi?' Wanadai ndege ilimshusha Dar es Salaam akaonana na wale waliokimbia, kisha ikamleta."

"Na abiria wengine? Wote walikuwa ndani ya ndege hiyo hiyo!"

"Wengine hawakuwa na barua."

Akeyo aliendelea kutazama saa ya ukutani. "Si aliwaeleza? Saa za London ziko nyuma yetu. Hata mtoto wa shule..."

"Alicheka kwanza," Onen akasema. "Hapo ndipo palipoharibika. Halafu akaanza kuwaambia kwamba dunia inazunguka. Wakasema anawatukana."

Nusu ya Kampala wakati ule ingejua la kufanya, na Habibah alikuwa katika nusu hiyo. Alizaliwa Kisenyi nyuma ya gereji, kaka yake aliuza vipuri vya magari, na gari la sajini fulani lilitengenezwa pale bila malipo tangu 1971. Jumapili asubuhi alikuwa mlangoni kwa Akeyo, amevaa viatu vya kutembelea.

"Nnyabo," akasema kwa lafudhi yake ya Kiganda, "vaa. Nina chupa mbili za wiski na branketi. Kaka yangu ameongea na sajini. Tunaenda reo."

"Kumwambia nini?"

"Kumwambia nini? Hakuna kumwambia! Tunampa, tunaria kidogo, anatuhurumia, anatupa mtu wetu."

"Habibah, nikienda na wiski nitakuwa nimekubali kwamba zile saa mbili alishuka mahali." Akeyo alikuwa amekaa mezani, vitabu vya ratiba vimefunguliwa mbele yake. "Wameuliza swali. Swali lao lina jibu. Ni saa na maili tu, hawajauliza kingine. Mimi ndiyo kazi yangu."

"Kazi yako ni wateja. Hawa si wateja, mukwano."

"Nitawapelekea karatasi ya shirika lenyewe, kutoka London, yenye mhuri. Ikisema ndege haikutua popote, watafanya nini?"

 Habibah alikuwa amemwona Akeyo kwa miaka minane akiulizwa saa na maili na hakuwahi kumwona akishindwa, na pengine hilo lilimfunga mdomo. Akaacha chupa mbili chini ya meza, akaondoka na blanketi.

Jumatatu Akeyo alituma teleksi London. Jibu lilikuja Jumanne jioni: ndege haikutua njiani, muda angani saa nane dakika arobaini na mbili, maana upepo ulisaidia. Dakika hizo tatu zilimchoma moyoni. Angetaka kumwambia Obwona kwamba ameshinda ubishi. Lakini teleksi haina mhuri wala sahihi. Ni herufi tu kwenye karatasi laini, na mtu yeyote anaweza kuipiga. Akaomba barua kamili. Ikaletwa Ijumaa asubuhi, ndani ya mfuko wa rubani, mhuri wa duara wa buluu, sahihi mbili. Katika siku zile za kungoja alichora jedwali la saa za miji kumi na minne, akaongeza Dar es Salaam ili ionekane wazi kwamba ndege isingefika huko na kurudi kwa saa mbili. Lilikuwa jedwali safi kuliko yote aliyowahi kuchora.

Ijumaa hiyo, saa nane mchana, alifunga tufe la dunia ndani ya kitenge, akalibeba kifuani, akaenda mpaka lile jengo la watu wa usalama ambalo watu wa mtaa ule walikuwa wamejifunza kulipita wakitazama upande wa pili wa barabara.

Askari wa getini akagusa kitenge kwa mdomo wa bunduki. "Hii kitu gani?"

"Dunia."

"Dunia ya nani?"

"Ya ofisi."

Askari akaifunua, akaizungusha kidogo, akamwita mwenzake naye akaizungusha. Wakaulizana kama ina betri. Ilibidi Akeyo aifungue pale kwenye ekseli yake kuwaonyesha kwamba ndani ni tupu. Wakampitisha.

Kapteni aliyempokea ndani alikuwa mtu wa makamo, mpole, mwenye macho mekundu ya mtu asiyelala vizuri. Miwani yake myeusi ilikuwa juu ya faili. Alimpa Akeyo kiti, na hilo lilimtisha kuliko bunduki ya getini.

"Mama, wewe ndiyo ule naandika barua?"

"Ndiyo, afande."

"Mwandiko yako ni mzuri." Akalifungua faili, na barua ilikuwamo, mstari wa mwisho umepigwa mstari mwekundu. "Sasa niambie. Masaa nane, masaa kumi. Mimi si mjinga. Nimekaa na hii hesabu siku mingi, kichwa inauma. Mbili naenda wapi?"

Akeyo akaliweka tufe mezani. Akaomba taa. Kapteni akatoa tochi ya jeshi kutoka kwenye mtoto wa meza. Akeyo akaiwasha, akailaza juu ya vitabu viwili ili mwanga ulipige tufe ubavuni.

"Hilo ni jua, afande. Halisogei. Hapa ni Entebbe." Akalizungusha tufe polepole mpaka Entebbe ikaingia kwenye mwanga. "Kwetu kumekucha. Mama mboga ameshatandika magunia yake. Sasa tazama London."

Kapteni akainama. Akatafuta. "Iko giza."

"Iko giza bado. Wamelala. Ndege ilipotua kwetu ilikuwa saa mbili na robo asubuhi, lakini dakika hiyo hiyo saa ya London ilisema saa kumi na mbili na robo. Aliondoka kwa saa yao, akafika kwa saa yetu. Ukihesabu kwa saa yao peke yake..."

Kapteni akainua mkono kumnyamazisha. Akavuta tufe kwake. Akalizungusha mwenyewe, mbele, nyuma, tena mbele, ulimi umetokeza kidogo pembeni mwa mdomo. Nje mtu alikuwa anaosha gari. Akeyo alisikia kila ndoo ikimwagwa.

"Kwa nini Uganda ni kidogo hivi?" Kapteni akauliza ghafla.

Akeyo akafikiri kwa kasi. "Aliyechora ni Mwingereza, afande."

"Eh!" Kapteni akapiga meza. "Nilijua!" Kisha akarudi kwenye tochi, uso umenyooka kama wa mwanafunzi aliyeanza kuona. Akaanza kuhesabu kwa vidole, kutoka saa tatu na nusu usiku ya London hadi saa kumi na mbili na robo, na alipofika kidole cha tisa akakikunja robo. "Nane," akasema. "Nane na nusu na robo. Kama ile barua yako!"

"Ndiyo, afande."

"Basi masaa mbili hakuna mtu naiba."

"Hakuna."

"Ni jua tu."

"Ni jua tu, afande." Akeyo akatoa barua yenye mhuri, akatoa na jedwali. Kapteni hakuzitazama. Hakuwa na haja nazo tena, alikuwa ameelewa. Alichukua kalamu, akaandika ndani ya faili, akitamka kila neno: "Masaa mbili imepatikana. Huyu mtu hana makosa." Akapiga mhuri wake mwenyewe. Akamtabasamia Akeyo kwa furaha ya kweli, bila hila yoyote, akamwita askari wa mlangoni, akamwambia jina la Obwona na namba ya faili, amlete.

Akeyo alishika kingo za kiti. Alikuwa ameshapanga: wangepita kwa Habibah kwanza, kumwambia.

Askari hakukawia. Hakurudi na mtu. Aliinama sikioni kwa Kapteni, akasema maneno machache, akasimama wima.

Kapteni akazima tochi. Akafunga faili, akaliweka juu ya mafaili mengine, akayapanga kingo zikalingana.

"Mama, ule mtu hapana hapa. Wamempeleka pahali ingine."

"Lini, afande?"

"Juzi. Jumatano."

"Kumpeleka wapi?"

"Mbali."

Katika maisha yake ya kazi Akeyo hakuwahi kuliacha neno hilo lipite hivi hivi. "Mbali ni maili ngapi, afande?"

Kapteni alivaa miwani yake myeusi. Alizungusha tufe kidogo, si kwa kutafuta kitu. "Ungekuja na hii dunia yako Jumatatu, mama," akasema kwa upole. "Jumatatu alikuwa hapa. Mimi na yeye tulikuwa tunahesabu pamoja."

Akamsaidia kulifunga tufe ndani ya kitenge, akamsindikiza mpaka mlangoni.

Akeyo alirudi kazini Jumatatu iliyofuata. Hakuna aliyemwambia apumzike, na nyumbani chupa mbili bado zilikuwa chini ya meza. Alienda kwa mkuu wa wilaya, kwa paroko, kwa sajini wa kaka yake Habibah, ambaye alizipokea chupa na kusema ukweli, kwamba hata yeye asingeuliza habari za mtu aliyehamishwa. Kwenye idara ya hali ya hewa waliandika Obwona kuwa mtoro kazini na kusimamisha mshahara wake. Onen aliomba likizo, akavuka mpaka kwa miguu.

Oktoba Kapteni aliingia ofisini. Alikuwa anapelekwa Moscow kwa kozi, akiwa na karatasi zote. "Mama Dunia!" akaita tokea mlangoni, na watu waliokuwa kwenye foleni wakampisha kwa haraka mbele. Hakuwa na haraka. Aliteremsha tufe yeye mwenyewe, akaomba tochi, ilipokosekana akawasha kiberiti, na akawaeleza wateja kwa nini mtu hupoteza saa au kupata saa akisafiri, na kwamba hakuna mtu aibaye. Alieleza vizuri sana, bila kosa. Watu wakapiga makofi, nani asingepiga. Akeyo aliwaza kwamba kwa miaka minane hakuwahi kupata mwanafunzi aliyeshika somo namna ile.

"Kwenda tu, afande, au kwenda na kurudi?"

"Kwenda na kurudi, mama! Mimi nabaki kule kufanya nini?"

Akamwandikia kwenda na kurudi. Akampimia kwa uzi, akamtajia umbali, akamtajia muda, vyote sahihi. Kapteni alipotoka, Habibah akamkazia Akeyo macho.

"Ungemkosesha hata ndege moja tu. Kosa ra tarehe, kidogo tu. Nani angejua?"

"Ningejua mimi," Akeyo akasema, akamwita aliyefuata.

Novemba akaja Santa, mama yake Obwona, kwa basi kutoka Gulu, na kuku mmoja na mfuko wa simsim. Alikuwa mwanamke mrefu asiyependa maneno. Siku tatu alifagia, alipika, alibandua ukoko kwenye masufuria ambayo mkwewe alikuwa ameacha kuyasugua. Siku ya nne, Jumapili, baada ya chai ya asubuhi, aliketi mbele ya Akeyo na mikono mapajani.

"Wazee wamenituma," akasema. "Wanasema hawawezi kumlilia mtu ambaye hakuna aliyemwona amekufa. Na hawawezi kuendelea kumngoja bila kuambiwa hadi lini. Aliyeoa ni yeye, mke ni wewe. Neno ni lako. Nikwambie ukweli, mwanangu, mimi niko tayari kwa lolote, ila si kwa hili la katikati."

Akeyo akavisogeza vikombe kando.

"Wewe ndiye unayejua habari za wasafiri," Santa akaendelea. "Alikuwa ananiandikia: mke wangu anajua ndege zote ziko wapi. Ndege ikichelewa, nyinyi hufanyaje? Mnangoja mpaka lini?"

Swali hilo lilikuwa na jibu, na Akeyo alilijua, kama alivyojua mengine yote. Alilitoa polepole, kwa Kijaluo chake, akichagua maneno ambayo Kiacholi nacho kinayo.

"Ndege hubeba mafuta ya safari yake, mama. Juu ya hayo huongezewa mengine, ya kuzungukia juu mawingu yakiwa mabaya au uwanja ukiwa umefungwa. Sasa ikichelewa, watu wa uwanja hawatazami saa ya kufika. Wanahesabu mafuta. Maadamu mafuta yapo, wanangoja, wanawasha taa, hakuna anayeruhusiwa kwenda nyumbani. Hesabu ikifika mwisho..."

"Ikifika mwisho?"

"Hakuna anayetazama juu tena. Haijalishi kama hawajaiona ilikoangukia. Wanaandika kwenye daftari, na wanaita jamaa za abiria."

Santa alitikisa kichwa kidogo, kama mtu anayekubali kwamba utaratibu huo ni wa haki.

"Na yeye?" akauliza. "Ya kwake?"

Akeyo alihesabu. Jumamosi ile ya Agosti, Jumatatu aliyohesabu na Kapteni, Jumatano aliyopelekwa. Septemba yote, Oktoba yote. Alihesabu polepole kwa sababu hakutaka kufika, na kwa sababu hakuwahi kumpa mtu jibu ambalo hakulihakiki.

"Yamekwisha, mama," akasema. "Yalikwisha zamani."

Santa akafunua kinywa. Akeyo akamshika mkono, akamwomba angoje kidogo. Mtaa ule ulikuwa na masikio, na mtu aliyechukuliwa hakuwa na ruhusa ya kuliliwa. Akaenda akafunga dirisha la mbele, kisha la nyuma. Akafunga na kile kitundu kilichokuwa juu ya jiko, akakiziba kwa gunia. Chumba kikawa giza la mchana. Akarudi, akaketi sakafuni karibu na miguu ya mama mkwe wake.

"Sasa, mama," akasema.